Mafundi Kumi na Wawili, Chumba Kimoja

Saa nne asubuhi, mafundi rangi kumi na wawili walikuwa wamejipanga kwenye korido yangu, kimya, wakitazama ukuta kama watu wa msibani.

Aliyewaita ni mimi. Kwa hesabu.

Mimi ni mwalimu wa hisabati, huu mwaka wa kumi na tisa. Wiki ile mama mkwe alikuwa amelazwa, kifua kinambana. Daktari akatuambia anatoka keshokutwa, ila chumba chenye ukungu asikanyage.

Na chumba cha wageni ndicho hicho kimoja, ukungu umetanda ukutani kama ramani ya dunia.

Nikamwita fundi. Kijana mtaratibu. Akagusa ukuta, akanusa kidole.

"Kukwangua, dawa, plasta, rangi mikono miwili. Mimi na mwenzangu, siku sita."

"Wawili siku sita," nikasema. "Basi kumi na wawili, siku moja."

Akanitazama. "Una uhakika, mwalimu?"

"Huo ni uwiano wa kinyume. Watu wakizidi, siku zinapungua. Mbili mara sita, kumi na mbili. Gawanya kwa kumi na mbili, unapata moja. Hesabu haidanganyi, mdogo wangu."

"Haya. Nitawaleta."

Akawaleta kweli, kesho yake asubuhi na mapema.

Chumba chenyewe hatua tano kwa nne. Walipoingia saba, kikajaa. Wa nane akakwama mlangoni na ngazi, ndani haendi, nje harudi. Mmoja akapakwa dawa ya ukungu mgongo mzima, maana aliyekuwa nyuma yake alidhani ni ukuta.

Lakini nisiwe mnafiki, kukwangua kuliisha fasta. Plasta nayo ikapigwa. Nikaanza kujipongeza moyoni.

"Haya, rangi sasa!"

"Bado," fundi akasema. "Plasta haijakauka."

"Inakauka lini?"

"Siku mbili. Na rangi, mkono wa kwanza ungojewe ukauke kabla ya kupaka wa pili."

"Lakini mko kumi na wawili!"

"Tupulize?" mmoja akauliza.

Korido nzima ikaangua kicheko. Nikakimbilia jikoni kuficha uso.

Fundi akanifuata.

"Mwalimu, hunikumbuki. Kidato cha pili, dawati la nyuma dirishani. Ulitupa swali la watu wanaochimba shimo. Ukawaongeza wakawa sitini, ukauliza watamaliza lini. Mimi nikaandika, 'Hawataenea shimoni.'"

Nikamgeukia, nikamtazama vizuri.

"Ukanipa sifuri. Ukalisoma jibu langu kwa sauti, darasa likacheka mpaka kengele."

Nikakumbuka. Aliyecheka kuliko wote ni mimi.

"Sasa ulikubali vipi kuwaleta hawa wote?"

"Nilikubishia mara moja, nikaambulia sifuri. Nani abishe tena?"

 Nikaomba radhi, pale pale kando ya jiko. Akaniambia yameisha. Akawaruhusu kumi waende, wakabaki wawili.

Mama mkwe alipofika, tukampa kitanda chetu. Mimi na mume wangu tukalala sebuleni, godoro moja, hadi chumba kikaisha. Siku sita. Haikupungua hata moja.

"Mafundi kumi na wawili?" mama alimuuliza mwanawe. "Mlikuwa mnapaka rangi au mnazika?"

Jumatatu iliyofuata nikarudi darasani, kwenye mada ile ile ya uwiano. Nikaandika swali la shimo ubaoni. Binti mmoja akanyoosha mkono.

"Mwalimu, hilo shimo lina upana gani?"

Wenzake wakaanza kucheka. Ulimi ukaniwasha kumwambia asituvurugie kipindi.

Nikaumeza. Nikamnyooshea chaki.

"Njoo mbele, mama. Tuchoree."

Ndugu zangu, hesabu kweli haidanganyi. Ila haijawahi kuingia chumbani ikaona watu wanavyobanana. Kabla hujampa mtu sifuri, hakikisha kwanza si yeye aliyelielewa swali.