Mikisa ya Kuheshimu Msiba

Jirani yetu hapa Mkunya, Mama Zuhura, alifiwa na kaka yake, na bendi yetu ilikuwa na harusi ya kupiga Jumamosi. Kufanyia mazoezi nyumbani kwangu, jirani na matanga, ni kujitafutia laana. Basi mimi, mtaalamu niliyejiteua mwenyewe, nikapanda basi hadi Masasi kuchagua mikisa, yaani mashine ya kuchanganyia sauti, ya bei nafuu, yenye matundu ya hedifoni ya kututosha wote. Muuzaji alitaka kunielekeza. Nikamwambia mambo haya nayajua.

Jioni tukachomeka magitaa, kinanda na maikrofoni yangu, tukavaa hedifoni. Raha iliyoje! Muziki umejaa masikioni, spika zimezimwa. Nikafumba macho, nikamlilia mpenzi wa kwenye wimbo kwa nguvu zangu zote. Kichwa changu kikubwa hakikukumbuka kwamba gitaa la umeme bila spika ni bubu, lakini koo langu halitumii umeme.

Nikashikwa bega. Nikavua hedifoni. Mama Zuhura alikuwa amesimama na waombolezaji wenzake, machozi yakimlengalenga.

"Tumepiga hodi mpaka tumechoka. Jikaze, Baba Asha," alinibembeleza. "Mbona sisi wafiwa wenyewe tumeshanyamaza?"