Mwalimu na Ukurasa Uliobanwa

Jumamosi, kwenye maonyesho ya kilimo hapa Kitui, mchoraji mmoja alikuwa akiuza vitabu vya katuni alivyochora mwenyewe. Watu walivisoma wamesimama, wakacheka, wakavirudisha mezani na kwenda zao. Jumapili alivileta vyote vikiwa vimebanwa ukurasa wa mwisho kwa pini.

Mwalimu mmoja mwenye tai alisoma kimoja akicheka mpaka akavua miwani kupangusa machozi. Alipofika penye pini alinuna.

"Mbona umefunga?"

"Mwisho ni wa mwenye kununua, mwalimu."

"Hii ni michoro tu. Si ungechonga twiga, watalii wanunue?"

Mama mmoja muuza ndengu kutoka Kyuso akalipa, akachukua kimoja. Mwalimu akamfuata upesi.

"Mama, hebu fungua hapo mwisho nikusomee."

"Asante, mwalimu. Mimi sijui kusoma, lakini watoto wangu watanisomea." Akakitia kwenye kiondo.

Juzi nilimsikia mwalimu huyo huyo akiwaambia wazazi shuleni kwamba watu wa huku hawathamini vitabu. Wazazi walimpigia makofi. Mimi nilitamani ile pini, nimbane nayo mdomo.