Sushi Tulizokunja Kinyinya

Mume wangu alianguka jikoni, kwenye mgahawa alikokuwa akifanya kazi, saa nne asubuhi, akiwa anaosha mchele. Wenzake waliniambia hakupiga kelele. Alikaa tu chini polepole kama mtu aliyechoka, akaegemea mlango wa friji, na maji ya bomba yakaendelea kumwagika. Nilipofika hospitalini mdomo wake ulikuwa umevutika upande mmoja, na mkono wa kulia ulikuwa umelala juu ya shuka kama mzigo ambao mtu mwingine alikuwa ameuacha hapo.

Alikuwa mpishi wa sushi, chakula cha Kijapani cha wali na samaki mbichi. Alianza pale kwa kuosha vyombo, akawa anamtazama mgeni mmoja aliyekuwa akipika, mpaka yule mgeni alipoondoka nchini na kumwachia ubao na visu. Ndugu zetu walikuwa wanamcheka. Sisi tulikulia Bujumbura, tukila samaki wa ziwani, ndagala na mukeke wa kukaanga, na kwa mama zetu samaki ambaye hajaona moto hajawa chakula. Yeye hakujali. Alikuwa mtu wa maneno machache, lakini ukimuuliza habari ya mchele, utakaa.

Alirudi nyumbani kwetu, mtaani Kinyinya, akitembea kwa kuburuta mguu, na maneno yakiwa yamemtawanyika. Alijua anachotaka kusema, ila neno lilikuja lingine. Aliomba maji akasema mlango. Kwenye kiwanja cha jirani walikuwa wanajenga ghorofa, na vumbi la saruji liliingia mpaka kwenye cherehani yangu sebuleni, ninaposhonea mapazia na sare za shule. Yeye alikaa kwenye kiti karibu na dirisha, mkono wa kulia mapajani, mimi nikishona. Watoto wetu wawili walikuwa shule ya bweni. Siku zilikuwa ndefu.

Mwezi wa kwanza wa ugonjwa, mwenye mgahawa alikuja kumjulia hali. Ni mama wa makamo aliyerudi kutoka nje, wote wanamwita Madamu. Alikaa kidogo, akamshika ule mkono uliolala, akasema, "Shefu, usiwaze. Hata huu mkono ukikataa, wewe unaweza kusimama ukafundisha wengine."

Nadhani aliyasema kama watu wanavyosema kwa mgonjwa. Lakini mume wangu aliyashika maneno hayo kama ahadi. Jioni ile alininyooshea kidole, kisha akaonyesha jikoni.

"Nifanye nini?" nikamuuliza.

"Karatasi," akasema. Akatikisa kichwa kwa hasira. "Mchele. Wewe. Mimi nafundisha."

Ndivyo nilivyoanza kujifunza, katika umri wa miaka arobaini na tatu, chakula ambacho sikukipenda. Kila Jumapili tukitoka misa niliondoa cherehani mezani, nikapanga vitu alivyotaka: mkeka wake mdogo wa mianzi, zile karatasi nyeusi za mwani zilizobaki kabatini, tango, parachichi, karoti, na samaki niliyemkaanga na kumchambua, kwa kuwa samaki wa kwetu kumtumia mbichi alinikataza kabisa. Mchele tulitumia wa hapa nchini, ule mfupi mnene, ambao wengine wanaudharau kwa sababu unanata. Yeye alitaka huohuo unaonata.

Mara ya kwanza nilitoa uji. Mara ya pili wali ulikuwa mgumu katikati. Alinifundisha kuosha mpaka maji yatoke safi kabisa, kupima maji kwa kiungo cha kidole, kutofunua sufuria hata kama ninatamani vipi. Siki, sukari na chumvi nilizipasha moto kidogo zikayeyuka, nikanyunyizia wali ukiwa bado wa moto. Hapo nilizoea kukoroga, naye akagonga meza kwa mkono wa kushoto.

"Hapana. Kata," akasema, akionyesha kwa ubavu wa kiganja. "Kata, geuza. Buhoro."

Neno hilo la taratibu halikumpotea hata siku moja. Buhoro, alisema, nikipepea wali kwa kifuniko cha ndoo. Buhoro, nikilowesha vidole ili visinate. Karatasi ilitakiwa kulala upande unaong'aa chini, wali utandazwe mwembamba mpaka uonekane weusi wa karatasi kwa mbali, na ukingo wa mbele uachwe wazi upana wa kidole ili upate kushikana. Mimi nilijaza. Wanaoanza wote hujaza, nafikiri ndivyo alivyotaka kusema, maana alicheka kila sushi yangu ilipopasuka na parachichi kutoka pembeni. Kilikuwa kicheko cha upande mmoja, lakini kilikuwa chake. Nilikuwa sijakisikia tangu aanguke.

Kukunja ndiko kulikonijia haraka. Ni kama upindo wa pazia: unashika ukingo kwa vidole gumba, unabana vitu vya ndani kwa vingine, unapeleka mbele bila kulegeza, kisha unakaza. Vidole vyangu vilikwisha kufanya hivyo kwa nguo maelfu ya mara. Jumapili ya sita au ya saba nilikata kwa kisu kilicholoweshwa, vipande vikasimama vyote kwenye sahani, duara safi. Mume wangu akavitazama muda mrefu. Akachukua simu kwa mkono wa kushoto, akaiweka mbele yangu.

"Madamu," akasema. "Aje."

Nilimpigia. Akakubali kuja Jumamosi mchana.

Juma lile lote alifanya mazoezi ya kusema. Nilimsikia chumbani, "Kwanza tunaosha. Kwanza tunaosha mchele." Daktari wa viungo alikuwa amempa mpira wa kubana kwa mkono wa kulia, na wiki hiyo aliubana mpaka jasho likamtoka, ingawa vidole vilisogea kidogo tu. Siku yenyewe nilimvalisha koti lake jeupe la kazini, nikamfunga vifungo. Nilikuwa nimelipiga pasi mara mbili. Tulikuwa tumekubaliana: yeye atasema, mimi nitafanya, na Madamu ataona kwamba mtu asiyejua kitu amefundishwa na Shefu mpaka akaweza.

Madamu akaja na matunda, akaketi. Mume wangu akasimama kwenye kona ya meza, akijishikilia.

"Kwanza," akasema.

Tukangoja.

"Kwanza tuna... tunafunga. Hapana. Kwanza." Macho yake yalikuwa kwenye bakuli la wali tuliokwisha kuupika. Mafundi wa jirani walikuwa wanagonga chuma, na nikafikiri labda kelele zile ndizo zilizomchanganya. "Mlango," akasema, akafumba mdomo.

Madamu alitazama chini kwa heshima. Mimi sikuweza kuuvumilia ule ukimya. Nikalowesha vidole, nikaweka karatasi kwenye mkeka, nikaanza. Nilidhani ninamsaidia. Nilitandaza wali, nikapanga tango na samaki, nikakunja, nikakaza, nikakata. Ya pili. Ya tatu. Mikono yangu ilikwenda yenyewe, na hakuna mahali iliposubiri neno lake. Nilipoinua kichwa niliona Madamu hamtazami tena yeye. Alikuwa anatazama vidole vyangu.

Alikula kipande kimoja, akala cha pili. Akaniuliza, "Mama, umejifunza kwa muda gani?"

"Miezi miwili," nikasema. "Shefu ndiye aliyenifundisha. Kila kitu ni yeye."

"Naona." Akafuta vidole. "Yule kijana niliyemweka mahali pake hawezi. Wateja wanalalamika. Ungeweza kuanza Jumatatu?"

Nikasema, "Tulifikiri ni Shefu atakayerudi. Afundishe."

"Shefu ni Shefu," akasema Madamu kwa upole, akamgeukia. "Wewe pumzika kwanza, upone. Si ndiyo, Shefu?"

Mume wangu alitikisa kichwa kukubali. Sijui kama kulikuwa na kitu kingine ambacho angeweza kufanya.

Madamu alipoondoka nilikaa sakafuni karibu na kiti chake, nikamwambia siendi. Nitasema nina cherehani yangu, inatosha. Alikuwa anahangaika na kifungo cha juu cha koti kwa mkono mmoja. Nilitaka kumsaidia akausogeza mkono wangu.

"Nenda," akasema. "Watoto wanasoma." Lilikuwa jambo alilolisema wazi kuliko yote tangu augue, bila neno kupotea.

Jumatatu nikaenda.

Sasa ni zaidi ya mwaka. Ninasimama mahali alipokuwa akisimama, kwenye ubao uleule, na visu vina alama za mkono wake kwenye mipini. Kazi ninaiweza. Wageni wanazipiga picha sushi kabla ya kula. Asubuhi jirani mmoja humpa mume wangu uji, mchana hula nilichomwachia. Mpira aliacha kuubana wiki ileile niliyoanza kazi. Daktari wa viungo alikuja mara chache zaidi, akaniita pembeni akaniambia vidole vimeanza kujikunja, na kwamba mgonjwa asipotaka yeye hana la kufanya. Nikaomba, nikagombana, nikalia. Mume wangu alinisikiliza kwa adabu kama unavyomsikiliza mgeni.

Maneno pia yamepungua. Mwanzoni nilimletea sushi nyumbani nikidhani atanikosoa. Alizila kwa uma, akaniambia asante.

Jumapili iliyopita nilijaribu kwa njia nyingine. Mgahawa umenunua mchele kutoka mahali papya na unanishinda, unakuwa laini nje na ndani una kiini kigumu. Lilikuwa tatizo la kweli. Niliuleta kidogo kwenye kikombe, nikaumimina kwenye kiganja chake cha kushoto.

"Huu nimeuloweka, nimepunguza maji, bado," nikamwambia. "Wewe ungefanyaje?"

Akauangalia. Akausugua kwa kidole gumba, punje kwa punje, na nikaona uso wake unafanya ile hesabu ya zamani. Alijua. Nina hakika kabisa kwamba alijua.

"Sijui," akasema, akaurudisha mchele kwenye kikombe.

Halafu akaniomba nimgeuzie kiti, jua lilikuwa linampiga usoni. Nikamgeuzia.