Mi Siyo Mimi

Miaka ile wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kushindana na ushirika kugombea wakulima hapa Bariadi, nilikuwa msaidizi katika darasa la watoto ambao watu waliwaita mabubu. Neno usonji nililisikia kwenye semina. Mimi ni wa darasa la saba tu, kwa hiyo niliandika kila kitu daftarini nisije nikakosea. Na bado nilikosea.

Tulikuwa na binti wa miaka saba, hajawahi kutamka neno. Baba yake alisema wazi: "Mpaka pamba iishe kuuzwa. Asipotamka hata neno moja, anabaki nyumbani." Simlaumu. Alimleta kwa baiskeli kutoka mbali, na shamba lilimngoja.

Kazi yenyewe ni hivi: unashika kitu anachokitaka, unasubiri. Akiomba kwa namna yoyote, unampa papo hapo. Nilishika kikombe cha maji. Wiki ya tatu akasema, "Mi." Nikaruka! Nikaandika: *anajitaja, mimi*. Nikapiga makofi. "Ndiyo, wewe! Wewe!" Maji sikumpa, nikingoja aseme maji. Akalia, akajing'ata mkono. Ikawa hivyo siku nne.

Siku ya tano alikuja na bibi yake. Mtoto akasema, kwa sauti ya chini sana, "Mi." Nikapiga makofi.

"Mwanangu," bibi akasema, "mtoto ana kiu, wewe unampigia makofi?"

"Anasema mimi, mayu," nikamjibu, kama tunavyowaita mama zetu.

"Mimi gani? Anasema minzi! Wewe Msukuma wa wapi?"

Minzi ni maji. Nimekua nikiyaita hivyo. Lakini darasani ilikuwa Kiswahili tu, na masikio yangu niliyaacha mlangoni. Aliyelisikia neno ni bibi, si mimi. Nikampa. Akanywa, akakitazama kikombe. "Mi." Nikampa. "Mi." Nikampa tena.

"Utampasua!" bibi akacheka.

Pamba ilipoisha, baba akaja. Niliogopa mtoto atanyamaza. Nikampa baba kikombe.

"Shika wewe, baba. Usimpe kwanza. Ngoja."

Alingoja. Mtoto alikitazama kikombe, si baba yake.

"Minzi."

Neno zima! Hata mimi sikuwa nimelisikia likiwa zima. Baba akakisogeza kikombe kwa haraka, nusu ya maji ikamwagikia suruali, iliyobaki akampa.

"Kasema minzi," akaniambia, kama vile sikuwepo.

"Nimesikia, baba."

"Kwa Kisukuma!"

"Kwa Kisukuma."

Akajifuta uso kwa kofia yake. "Jumatatu mnafungua saa ngapi?"