Vali Nne Juu ya Turubai

Nilifika Isiolo kwa sababu lori lililonibeba kutoka Nanyuki liliishia hapo. Miaka ya sabini ilikuwa inaelekea ukingoni. Nilikuwa nimeacha shule darasa la tano, nimepasua mawe Timau, nimesukuma mkokoteni Meru, na kote huko sikuwahi kukaa mpaka watu wazoee sura yangu. Isiolo nilipanga kukaa juma moja tu. Nilitaka kwenda kaskazini, Marsabit na kupita, hadi pale barabara inapokwisha, kwa sababu moja tu: nilikuwa sijapaona.

Lakini upande wa kaskazini wa mji palikuwa na kizuizi cha polisi. Magari yalipita kwa msafara, yakisindikizwa na askari, na mtu asiye na shughuli huko alirudishwa. Nikawa nasubiri lori litakalonichukua kama tanboi, msaidizi wa dereva. Juma likawa mwezi, mwezi ukawa msimu. Asubuhi nilikwenda kizuizini kuuliza, mchana nilirudi mjini nikiwa na vumbi hadi kwenye meno, na kwa kuwa sikuwa na la kufanya, nikaanza kuhudhuria mikutano ya watu.

Mkutano wowote wa watu wanaojua kitu ulinifaa. Maafisa wa mifugo walipokuja kuonyesha dawa mpya ya kuogesha ng'ombe, nilikaa mbele kabisa pamoja na wafugaji. Niliuliza maswali mengi mpaka afisa akaacha kuandika, akaniuliza ng'ombe wangu ni wangapi. Sikuwa na hata kuku. Wauguzi walipofundishwa kutunza friji ya mafuta ya taa, nilisimama nje ya dirisha, maana friji inayopoza kwa kutumia moto si jambo la kupita na kuliacha. Mlinzi akanifukuza. Nikazunguka jengo, nikasimama kwenye dirisha la pili.

Mkutano nilioupenda kuliko yote ulikuwa wa Jumamosi, katika ua wa fundi mmoja Msomali aliyekuwa akitengeneza injini. Kila mtu alimwita Abti, yaani mjomba. Ua wake ulizungushiwa mabati ya mapipa yaliyopondwa, na lango lilikuwa moja. Walikuja mafundi wa pampu za visima, fundi wa cherehani, madereva waliokwama, na Mturkana mmoja aliyekuwa fundi wa redio, mwanajeshi mstaafu mwenye ulimi mkali. Hapakuwa na ada wala mwenyekiti. Katikati ya ua palitandikwa turubai la lori, kuukuu, lenye harufu ya mafuta, na juu yake iliwekwa mashine iliyokataa kufanya kazi.

Desturi yao ilikuwa moja, na waliishika kama sala. Anayelegeza nati ya kwanza ndiye mwenye mashine hiyo hadi itakapofanya kazi. Wengine wataona, watasema, watacheka, watakupa spana ukiomba, lakini hawatafunga hata skrubu moja kwa niaba yako. Kila kipande unachotoa kinapitishwa kwenye duara, kuanzia mkono wa kulia. Kila mtu anakipangusa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, anasema anachokiona, kisha anampa jirani yake. Abti hukaa mwisho wa duara, na yeye ndiye anayekipanga juu ya turubai.

Nilimuuliza sababu ya ukali huo. Akaniambia Isiolo ni mji wa wapita njia. Zamani mtu alikuwa anashuka kwenye lori, anafungua mashine ya mtu kwa hamu ya kuona ndani, kesho yake hayupo, na mwenye mashine anarudi kwao na karai la vyuma.

"Watu kama wewe," fundi wa redio akasema, na ua mzima ukacheka.

Kwa miezi kadhaa nilitazama tu. Kisha wiki moja bahati yangu ikafunguka. Tanboi wa dereva mmoja Mmeru aliyekuwa akipeleka shehena mpakani alifiwa na ndugu, akaenda mazikoni. Dereva huyo alinikuta kizuizini Ijumaa, akanitazama mikono, akasema, "Jumapili asubuhi msafara unaondoka. Ukiwa na kipande chako cha utambulisho na hauogopi kulala juu ya magunia, nafasi ni yako." Nilirudi mjini nikitembea kama mtu aliyetolewa jela.

Jumamosi nilikwenda kwa Abti kuaga. Nilikuwa nimekwenda kuaga, basi.

Juu ya turubai palikuwa na injini ya dizeli ya silinda mbili, ya mashine ya kusagia mahindi. Ilikuwa imeletwa kutoka Kinna na mama mmoja Mborana wa umri mkubwa. Tulimwita Akko, nyanya kwa lugha yao. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, shuka limefunika kichwa, akitukagua mmoja mmoja. Mashine yake ilikuwa imekufa tangu mwezi ulipoandama, na wanawake wa kwao walikuwa wanasaga kwa jiwe na kumlaumu yeye.

"Salaam aleikum," Abti akaanza. "Nani anafungua?"

Kila mmoja akatafuta sababu ya kukwepa. Fundi wa pampu alikuwa na kisima kinachomngoja. Fundi wa cherehani hakujua dizeli. Mimi niliinama kuona palipotoka mafuta meusi, kati ya kichwa cha injini na mwili wake. Nilikuwa nimesikia mara nyingi habari za gasketi, ile pedi inayoziba hapo katikati, kuungua, lakini sikuwahi kuiona kwa macho. Spana ilikuwa karibu na goti langu. Nati ilikuwa nyepesi kuliko nilivyotarajia.

"Haya," Abti akasema. "Mwenyewe amepatikana."

Niliposema kwamba kesho ninasafiri, fundi wa redio alipiga makofi. "Basi fanya haraka, bwana safari! Injini haijui kama una lori."

Na kwa kweli nilifanya haraka. Kufikia adhuhuri kichwa kilikuwa chini. Gasketi ilikuwa imeungua kipande kama sarafu, kama nilivyodhani, na furaha niliyoipata siwezi kuieleza. Nilitoa vali nne moja baada ya nyingine, nikianzia upande wa gurudumu, nikazipeleka kwenye duara. Vali ni kama kizibo chenye mguu mrefu. Zile nne zilifanana kabisa, lakini kila moja ilikuwa imesagana na kiti chake, yaani tundu inaloliziba, kwa miaka, na haikubali kiti cha mwenzake. Hilo nililijua. Zilipokuwa zikizunguka na kupanguswa, mimi nilikuwa nimegeuka nikikwangua gasketi ya zamani. Nilipogeuka tena, zilikuwa zimelala kwa safu nzuri juu ya turubai, safi, zinang'aa. Nikazirudisha kwa mpangilio, kuanzia ya kwanza.

Jua lilipokaribia kuzama injini ilikuwa imefungwa, na gasketi mpya ndani. Tukazungusha hendeli. Ikakohoa, ikatoa moshi mweupe, ikanyamaza. Tukazungusha tena. Hendeli ilikuwa nyepesi mno, kama ya mashine isiyo na kitu ndani. Pumzi ilikuwa inavuja mahali.

"Umebadilisha ugonjwa," Akko akasema kutoka kwenye ndoo yake. "Ilikuja inatoka mafuta. Sasa haipumui."

Adhana ya magharibi ikaita, kazi ikafungwa. Nililala palepale uani kwenye mkeka, na bunda langu la nguo likiwa limefungwa tayari.

Jumapili, jua likiwa bado changa, nilikuwa nimeshafungua kichwa mara ya pili. Gasketi mpya ilikuwa nzima. Sikuona kosa. Akko alikuwa ameshakaa. Abti alikuwa anakunywa chai. Fundi wa redio alipita akienda kanisani, amevaa koti la suti kwenye joto lile, akasimama kuangalia kama mtu anayepita penye ajali.

Ndipo honi ikalia nje ya lango.

"Wee kijana!" dereva akaita. "Msafara uko kwa kizuizi! Askari wamepanda gari!"

"Ninakuja!"

"Unakuja na hiyo mikono? Mikono kama ya mtu amechinja!"

Hakuna aliyenishika. Hilo nataka lieleweke. Lango lilikuwa wazi, Abti aliendelea na chai yake, na Akko alikuwa anatazama kando kama mtu mwenye heshima. Nilichukua bunda langu, nikafika langoni. Niliona lori, niliona magunia na nafasi yangu juu yake. Lakini kichwa changu kilikuwa bado ndani ya injini. Gasketi nzima, nati zimekazwa, pumzi inatokea wapi? Nilijua kwamba nikiondoka bila kujua, nitaenda na swali hilo hadi mpakani, na halitaniacha nilale.

Kando ya lango, ukutani, Abti alikuwa ametundika spana zake. Nilikuwa nimeziona kila Jumamosi. Zilianza ndogo upande wa kulia, zikakua kuelekea kushoto.

Nikageuka. "Abti, zile vali jana, ulipanga kutoka wapi?"

"Kutoka mwanzo."

"Mwanzo upi?"

Akanitazama kana kwamba nimemuuliza mbingu iko wapi. Akanyoosha mkono, akaonyesha upande wa kulia wa turubai. Abti alikuwa amesoma chuo cha Kurani tu. Maisha yake yote kitu cha kwanza kilikuwa kulia. Mimi nilikuwa nimekaa miaka mitano tu mbele ya ubao wa shule, na hiyo ilitosha kunifanya nichukue ya kushoto bila kufikiri. Vali zote nne zilikuwa zimekaa kwenye viti vya wenzao.

Fundi wa redio alianza kucheka mpaka akashika koti lake. "Mmoja anasoma huku, mwingine anasoma kule, na mama wa watu analala njaa katikati!"

"Basi ni hivyo tu," nikasema kwa haraka. "Mgeuze safu, mrudishe kichwa. Kazi ndogo. Mtu yeyote hapa anaweza."

"Anaweza," Abti akasema, akaweka kikombe chini. "Lakini hatafanya."

Nilimtazama fundi wa redio. Akainua mikono yake misafi. "Mimi naenda kwa Mungu."

Dereva akapiga honi mara nyingine, ndefu. "Unapanda ama hupandi? Mimi si basi!"

Nadhani nilikuwa nangoja mtu mwingine ajibu. Akko akasimama kutoka kwenye ndoo, akaja mpaka langoni, akamwambia dereva kwa Kiswahili chake cha polepole, "Baba, nenda salama. Huyu bado yuko na kazi yangu."

Dereva akanitemea neno la Kimeru, akaondoa gari. Palikuwa na kijana wa stendi aliyekuwa amesimama karibu muda wote. Nilimwona akikimbia, akashika kamba, akapanda juu ya magunia. Vumbi likamfunika yeye na lori pamoja.

Nilikaa juu ya turubai nikafungua vali. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba nilichubua vidole viwili. Kabla ya mchana injini ilishika moto, ikapiga vizuri, ikatikisa mabati ya ua mzima, na hasira ikaniponyoka nisijue ilikokwenda. Nilisimama nikiisikiliza kama mjinga.

Abti alinyamazisha injini, akaniambia desturi haijaisha. Mashine imekufa Kinna, kwa hiyo inahesabiwa imepona ikisaga Kinna. Kesho yake tukaipakia kwenye pikapu, mimi na Akko na magunia ya chumvi, tukaelekea kusini mashariki, upande ambao sikuwa na hamu nao hata kidogo.

Ilisaga. Wanawake walikuwa wamepanga madebe yao tangu alfajiri, na unga wa kwanza ulipotoka waliuonja kwa kidole, wakacheka, wakanipaka mashavuni. Akko alisimama mlangoni mwa kibanda akipokea pongezi kama ndiye aliyefungua nati. Nikaanza kuulizia gari la kurudi Isiolo, ili nianze tena kusubiri kizuizini.

"Na mafuta ya ndani," akaniuliza, "inabadilishwa lini?"

Ningeweza kusema sijui. Lakini nilijua, na nilikuwa nimefurahi mno kujua.

"Mwezi ujao, Akko."

"Vizuri," akasema, akageuka kuwatafsiria wanawake. Wote wakaitikia kwa vichwa, na mmoja wao akaenda kuniletea maziwa, akaniuliza kama nina mke.