Wimbo wa Kumi

Kwa miaka kumi na mmoja albamu yangu ilikuwa na nyimbo tisa. Prodyuza alitaka kumi. Huo wa kumi nilikuwa nao. Redio za Mwanza zilishaucheza mpaka watoto wakaukariri, na ndio ulionipa jina. Lakini sikuweza kuutia kwenye albamu, wala sikuweza kuitoa albamu bila huo.

Kwa ufupi wimbo ulisema hivi: mama alipokufa ndugu walitaka kutugawa, mimi dada mkubwa nikasimama mlangoni nikakataa, nikaacha shule, nikalea. Mtangazaji mmoja akaanza kuniita mama wa yatima. Wanawake wa mwaloni, pale boti za dagaa zinaposhushia, walinishika mikono wakilia. Nusu ya wimbo ilikuwa kweli. Shule niliacha kidato cha pili. Kulea nililea. Dagaa wa watu nimeanika tangu nina miaka kumi na mitano, na bado naanika. Lakini tulikuwa watatu, na mimi nililea mmoja.

Habari ya kikao nitaieleza kwanza kama nilivyozoea kujieleza mwenyewe.

Kikao cha kumaliza msiba kwetu kinajulikana. Wanaume wanakaa kwenye viti, wanawake chini kwenye mikeka. Vitu vya marehemu vinatajwa kimoja kimoja, kitanda, cherehani, majembe, na baada ya majembe wanatajwa watoto. Baba alikuwa amekufa miaka minne kabla, kwa hiyo siku ile hatukuwa na mtu wa kutusemea. Nyumba yetu ilikuwa Kiseke, hapahapa Mwanza, vyumba viwili. Mdogo wangu wa kiume alikuwa na miaka kumi na mmoja. Wa mwisho, msichana, alikuwa na sita na bado alikojoa kitandani, nasi tulikuwa na godoro moja. Shangazi, dada wa baba, alikuwa ametoka Nansio, kisiwani Ukerewe, akasema anaweza kuchukua mtoto mmoja. Baba mkubwa akanigeukia.

“Wewe ndiye mkubwa sasa. Aende nani?”

Nilimtazama yule wa mwisho. Nilimwonyesha kwa kuchongoa mdomo tu, kama mtu anavyoonyesha kuku wa kuchinja. Mtoto mwenyewe alikuwa mkekani anakula ubwabwa wa msiba. Kesho yake alipanda meli na shangazi huku akicheka, kwa sababu hakuwahi kupanda meli. Aliniuliza kama watarudi jioni. Nikamwambia ndiyo.

Hayo hayakuwa kwenye wimbo.

Wimbo ulipokuwa na miezi miwili redioni, yule wa mwisho alinipigia simu kutoka Nansio. Alikuwa na miaka kumi na saba, bado yuko kwa shangazi.

“Dada, shikamoo.”

“Marahaba, mdogo wangu.”

“Nipo hapa kwenye moshi, nakausha samaki. Redio inasema ulikataa tusigawanywe.” Akacheka, na kicheko kilikuwa cha kweli, hakikuwa cha kunikomoa. “Sasa nikuulize. Mimi ni nani? Jirani?”

Nikamwambia wimbo ni wimbo tu, hauwezi kubeba kila kitu.

“Nilikuwa na kilo ngapi mimi, dada, mpaka wimbo ushindwe kunibeba?”

Jumamosi iliyofuata niliingia studio kuurudia wimbo ule kwa ajili ya albamu. Prodyuza alisimamisha biti mara sita. Mwisho akavua vifaa vyake masikioni, akaniambia, “Dada, unaimba kama mtu anayesoma matangazo kanisani. Nenda kapumzike.” Nilipumzika mwezi, nikarudi, ikawa vilevile. Nikasema koo linaniuma. Nikasema mdogo wangu wa kiume ana mitihani ya ufundi. Nikasema bado natafuta kiitikio. Mwaka ukaisha, na mwingine.

Pale mwaloni hawakuacha.

“Vipi, albamu bado iko juani?”

“Haijakauka. Mvua ya jana imeinyeshea.”

“Igeuze upande wa pili basi, itaoza!”

Nilicheka nao, kwa sababu usipocheka mwaloni wanakuongezea. Na Ukerewe si mbali. Meli zinakwenda na kurudi, na kila ilipopita moja niliiona kutoka pale nilipoinama na dagaa. Sikwenda. Mdogo wangu wa kiume, aliyekuwa ameshajifunza ufundi wa injini za boti, alikuwa na jibu lake moja kila nilipomtaja dada yake: “Si alikula huko? Hakufa.” Nami niliridhika na jibu hilo zaidi ya nilivyopaswa.

Kulikuwa na bibi mmoja aliyeanika dagaa kando yangu. Alikuwa na meno manne na mdomo wa watu kumi. Ujanani alikuwa mtunzi na mwongoza nyimbo katika ngoma za mashindano za Wasukuma, zile ambazo makundi mawili yanacheza siku moja, uwanja mmoja, na anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Mwongoza nyimbo kazi yake ni kumtukana mwenzake wa upande wa pili kwa wimbo, waziwazi, na mwenzake haruhusiwi kukasirika. Anaruhusiwa kujibu tu. Siku moja tukiwa tumeinama tunageuza dagaa akaniambia niimbe ule wa redioni. Nikaimba mpaka mwisho. Akatema mate.

“Mayu,” akaniita mama kwa Kisukuma, “wimbo wako umepakwa mafuta. Ungekuja nao uwanjani kwetu, mpinzani angekuvua nguo kabla jua halijasogea.”

“Angesema nini?”

“Angeuliza wa tatu yuko wapi. Hapa wote tunajua mlikuwa watatu. Tunanyamaza kwa sababu tunakuonea huruma.”

Nilidhani nimeficha. Niliinama nikaendelea kugeuza dagaa waliokwisha kugeuzwa.

Yeye hakujali. Akanieleza alivyokuwa akifanya kazi. Kabla ya mashindano alikaa peke yake siku mbili, akatunga wimbo ambao adui yake angeutunga juu yake: kwamba hazai, kwamba alifukuzwa na wanaume wawili, kwamba aliiba kuku wa mkwe wake. Akaupamba huo wimbo kuliko adui angeweza kuupamba. Siku ya ngoma akauimba yeye, kwanza kabisa.

“Nikimaliza kujitukana, yeye anafungua mdomo hana kitu. Anabaki kupiga makofi.” Akanitazama kwa jicho moja, jua likiwa kwenye lile jingine. “Mimi nilijiita tasa mbele ya uwanja mzima. Wewe unaogopa mtoto mmoja wa Nansio.”

Nikaanza kutunga hivyo. Nilichukua zile nyimbo tisa, kila mmoja nikautungia kwanza jibu lake, jibu la mtu anayenichukia na anayenijua. Ndipo nilipoona kitu ambacho wasikilizaji wangu hawakukiona, au walikiona wakanyamaza kama watu wa mwaloni. Katika nyimbo zangu zote kulikuwa na mtu mmoja tu mwema, na alikuwa mimi. Wanaume walinidanganya, majirani walinisema, ndugu walinitupa, na mimi katikati, safi, nalia kwa sauti nzuri. Tano nilizitupa. Nilizobakiza nilizivunja nikazijenga upya. Niliondoa kinanda cha kulialia. Nilishusha sauti mpaka ikafika pale ninapoongelea nikiwa nyumbani. Nilijifunza kuacha mstari bila kuupamba, jambo ambalo lilinichukua muda mrefu, maana pambo ndilo nililokuwa nasifiwa. Nikatunga nyingine tano. Prodyuza alikasirika, kisha akachoka kukasirika, kisha siku moja akaniambia, “Dada, zamani ulikuwa unawaomba watu wakupende. Sasa sijui unawaomba nini. Endelea.”

Wimbo wa kumi nikautunga upya wa mwisho. Nikaweka kikao, swali la baba mkubwa, mdomo wangu, kuku wa kuchinja, meli, na ndiyo yangu ya uongo. Nilipoumaliza nilijisifu moyoni. Nikajiona mtu mkweli kuliko watu wote wa Mwanza. Lakini wimbo ulikuwa wa mdogo wangu wa kike pia, na nilikuwa nimeapa kwamba asipoukubali, albamu haitoki. Nikavuka ziwa kwenda Sengerema, alikokuwa amehamia.

Mdogo wangu alikuwa na miaka ishirini na minane. Alikuwa ameondoka kwa shangazi, anauza chakula karibu na hospitali, ugali na samaki, wali na maharage. Macho yake yalikuwa mekundu, moshi wa miaka mingi hautoki machoni.

“Shikamoo dada. Nani anaumwa?”

“Marahaba. Haumwi mtu. Nimekuja kwako.”

“Basi kaa pale mwisho wa benchi, usinizuilie wateja.”

Nikakaa. Watu walipopungua nikamwambia nilichokuja nacho, nikamwimbia, kwa sauti ya chini, yeye akiendelea kukatakata vitunguu. Hakuinua kichwa.

“Umemaliza?”

“Nimemaliza.”

“Umejitahidi. Kuku wa kuchinja, hapo umenipata.” Akasukuma vitunguu pembeni kwa kisu. “Lakini umeanzia Ijumaa, siku ya kikao. Anzia Alhamisi.”

Akachukua nyanya akaanza kuikata.

“Alhamisi nilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni. Shangazi alikuja kuomba mvulana wa kuvuta nyavu. Ukamwambia mvulana hatoki, mchukue huyu wa kike, hasumbui, hali sana. Alipokubali ukachukua mfuko wa rambo, ukatia gauni langu la njano. Ukatia na ndala zako, kwa sababu zangu zilikuwa zimekatika. Nansio nilifika natembea kama bata.”

“Ulikuwa na miaka sita.”

“Hata nisingesikia, shangazi alinikumbusha. Kila sufuria iliyoungua, kila samaki aliyeibwa na paka: mimi niliomba mvulana, dada yako akanisukumia wewe. Miaka kumi na mitano. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yangu ya asubuhi.”

Nataka ieleweke kwamba sikuwa nimesahau. Niliijua Alhamisi yote, mpaka harufu ya jiko. Nilijua kwamba kikaoni nilionyesha jambo nililokwisha kulipanga. Mdogo wangu wa kiume aliweza kubeba beseni la dagaa kutoka majini mpaka mchangani. Nilihitaji mikono, sikuhitaji tumbo jingine na godoro lililolowa. Msichana wa miaka kumi na mitano aliyefanya hesabu hiyo hakuwa na hofu na hakuwa ameshikiwa kisu. Alifikiri vizuri, na mimi niliyemtungia wimbo nilimpunguzia akili ili aonekane ana huruma.

“Weka Alhamisi,” akasema.

“Na ndala?”

“Ndala usiziweke. Zitawafanya watu wakuonee huruma.” Akafuta kisu kwenye aproni. “Ukiweka hivyo, toa albamu yako. Ukiweka nusu, nitapiga simu redioni. Namba yao ninayo.”

Mteja akaja, akamkaribisha kwa uso mwingine kabisa, uso wenye kicheko. Nilingoja kidogo. Alipita mbele yangu na sahani mara tatu bila kunitazama, nikaondoka.

Niliurekodi mara moja tu. Gitaa moja, hakuna kiitikio, naanzia Alhamisi. Prodyuza hakunisimamisha. Nilipotoka kwenye kile chumba kidogo alikuwa ananitazama kama mtu aliyemkuta mgeni amekaa kitandani kwake, akasema tu, “Albamu imeisha.” Bibi wa meno manne hakuisikia, alikufa masika yaliyotangulia.

Ilipotoka, hakuna aliyeniita tena mama wa yatima. Mwaloni mwanamke mmoja, katika wale waliowahi kunishika mikono wakilia, alihamisha dagaa wake akaenda kuanika mbali nami. Mdogo wangu wa kiume aliusikia redioni akiwa kwenye injini ya mtu. Alikuja kwangu mchana, mikono ina mafuta, nikampakulia. Hakukaa.

“Kwa hiyo shangazi alinitaka mimi.”

“Ndiyo.”

“Na mimi nimesema miaka yote kwamba alikula, hakufa. Ukaniacha niseme.”

“Nilikuacha.”

Aliitazama sahani. Nilikuwa nimempa kipande kikubwa, kama siku zote. Akaenda zake, na tangu siku ile hajala kwangu. Tukikutana njiani ananiamkia shikamoo, nami naitikia marahaba, tunapishana.

Wimbo nilimtumia mdogo wangu wa Sengerema kwenye simu siku ileile ulipotoka. Siku tatu hakujibu. Siku ya nne ukaingia ujumbe wa sauti. Nilikaa juu ya beseni nikaufungua. Hakuwa ameongea na mimi. Alikuwa ameiweka simu mahali pale kwenye banda lake, wimbo wangu unapigwa redioni, sahani zinagongana, na mwanamume mmoja anasema mdomo ukiwa na chakula:

“Dada, huyu mwanamke anayeimba ni katili kweli. Ni wa wapi?”

“Wa Mwanza huko,” mdogo wangu akasema.

“Unamfahamu?”

“Simfahamu. Namsikia tu. Siku hizi anaimba vizuri, zamani alikuwa mwongo.”

“Na yule mtoto wa kwenye wimbo, alipona?”

Hapo wimbo peke yake ukasikika kidogo, na mwiko ukikwangua sufuria.

“Nikuongezee maharage?” akamwuliza.