Sabuni Iliyotangazwa kwa Sauti ya Kilio

Asubuhi niliyoondoka Kasongo sikumwambia mtu ninakwenda wapi, kwa sababu mimi mwenyewe sikujua. Nilifunga megafoni nyuma ya baiskeli kwa kamba ya mpira, nikatia makopo mawili ya rangi na brashi katika mfuko wa mchele, nikasukuma hadi mahali njia zinapogawanyika. Moja inakwenda Nyangwe, nyingine Kabambare. Upande wa Nyangwe kulikuwa na kaburi bichi ambalo sikutaka kupita mbele yake. Nikashika ile nyingine. Nilikuwa na hasira, na hasira hiyo ninayo hata leo ninapoandika.

Mimi ndiye niliyefungua ajansi ya matangazo mtaani kwetu. Shule niliiacha mwaka wa pili wa sekondari. Kichwa hakikukataa, ni miguu iliyokataa: sikuweza kukaa kwenye benchi huku vitu vinapita barabarani. Nilifuatana na wauza chumvi hadi Lusangi, nikawapikia wachimba dhahabu huko, nikabeba samaki wa Nyangwe kichwani. Kila nilipofika nilisoma: magunia, masanduku, milango ya malori. Nilitaka kujua kwa nini mtu anapita mbele ya maduka mawili yenye vitu vilevile na kuingia katika moja.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa ukuta wa kinyozi. Nilimchorea kichwa cha kijana mtanashati, kikatoka kama boga. Watu walicheka, kisha wakaingia kunyolewa. Baadaye nilipata megafoni, kisha chumba kimoja chenye mlango wa mbao, na juu ya mlango nikaandika kwa rangi nyekundu: AJANSI. SISI TUNASIMAMISHA WATU. Nilitangaza vitenge vipya, mechi za mpira, sherehe za parokia, chanjo ya kuku. Nilikuwa na maneno ya kila kitu.

Vifo pia nilivitangaza, na kwa vifo sikupokea kitu. Maneno yake niliyaweka kando. Nilishuka kwenye baiskeli, nikanyamaza kidogo, kisha nikasema polepole: "Ndugu zangu, simameni kidogo." Sikuyatumia kwa mpira wala kwa kitenge, hata mara moja. Na watu walisimama. Mwenye mchi aliushusha, mwenye kofia aliivua. Nilitaja jina, nyumba na saa ya maziko, na kabla sijapanda baiskeli wanawake walikuwa wameshaanza kwenda nyumbani kuchukua kuni na maji ya kupeleka kwenye kilio. Hivyo ndivyo tunavyozikana kwetu. Habari isipofika, kuni hazifiki, na watu wa kubeba hawafiki.

Kiangazi kimoja vifo vilifuatana na koo langu likakauka. Nikayarekodi yale maneno kwenye kadi ya memori ya megafoni, ili mashine ianze na mimi nimalizie jina. Kadi hiyohiyo nilikwenda nayo kwa mfanyabiashara mmoja wa sabuni aliyetaka nimrekodie tangazo. Tulipomaliza, alihamishia kila kitu kwenye simu yake. Nilikuwa nimesimama pale. Mimi mwenyewe nilimwonyesha pa kubonyeza.

Siku ya soko iliyofuata nilikuwa juu ya ngazi, ninapaka ukuta wa duka la dawa, nikasikia sauti yangu nyuma yangu. "Ndugu zangu, simameni kidogo." Ilitoka kwenye pikipiki. Soko lote lilinyamaza. Mwanamke mmoja alishika kichwa kwa mikono miwili. Alikuwa ameacha mgonjwa nyumbani. Kisha sauti yangu, kwa furaha kabisa, ikasema kwamba sabuni mpya imefika, inatoa uchafu wote, inanukia maua.

Nilikwenda dukani kwake na brashi mkononi, rangi inadondoka.

"Papa, hasira ya nini?" aliniuliza. "Watu walisimama ao hawakusimama?"

"Walisimama kwa sababu ya kilio!"

"Miye sikusema mutu amekufa. Ni wewe uliandika kwa mlango wako: tunasimamisha watu. Miye nilisoma tu."

"Toa ile sauti."

"Iko mu pikipiki tatu sasa. Moja imeshatoka mjini. Niikimbilie na miguu?"

Waliokuwa dukani walicheka. Akanisukumia kipande cha sabuni juu ya meza. "Kamata hii, unawe hasira."

Sabuni niliiacha palepale. Nilikwenda kwa mkubwa wa mtaa. Alinisikiliza vizuri, akasema hakuna karatasi inayokataza mtu kuwaambia watu wasimame. Nyuma yake mke wake alikuwa anafua, na beseni lilinukia maua.

Siku kadhaa baadaye, mkulima mmoja mzee wa mpunga, upande wa njia ya Nyangwe, alifariki. Mkewe alikuja mwenyewe mlangoni kwangu, miguu ina matope. "Baba, sema kwa nguvu," aliniambia. "Kwa nyumba tuko wawili tu, miye na dada yangu."

Mashine niliiacha. Nilitangaza kwa mdomo mtupu, kutoka msikitini hadi misioni, hadi sokoni. Pale sokoni nilishuka, nikanyamaza, nikasema maneno yangu. Muuza nyanya mmoja hakuinua hata kichwa.

"Na leo ni sabuni gani imekufa?"

Soko zima likaangua kicheko.

"Mama, ni kweli. Ni ule mzee wa mpunga, wa kule..."

"Wewe, pita! Juzi nililia bure mpaka mboga yangu ya sombe ikaungua kwa moto."

Nilitaja jina la marehemu mara tatu. Mara ya tatu nilikuwa ninaiambia migongo.

Tulimbeba watu sita, nami nikiwa mmoja wao. Hatukuwa na wa kupokezana naye. Kwetu ni aibu jeneza kuguswa na vumbi la njiani, na sisi tuliliweka chini mara tatu kwa sababu mabega yalishindwa. Mara ya tatu mjane alikaa karibu na jeneza, akamwambia mumewe: "Ngoja kidogo, wanapumzika." Kisha akaniangalia mimi.

"Ulisema kweli, ao ulinyamaza?"

"Nilisema, mama. Naapa nilisema."

"Basi hawakukusikia," alisema.

Afadhali angenitukana. Mtu yule alilima miaka yote, alipeleka kuni kwenye vilio vya wengine, na siku yake njia ilikuwa tupu kwa sababu mtu mmoja alitaka kumaliza katoni zake za sabuni haraka. Naye aliendelea kuuza. Wateja wake wengi ni walewale waliolia bure: walimtukana asubuhi na jioni wakanunua. Aliyechekwa ni mimi. Jioni ile nilikwangua maandishi ya mlangoni kwa kisu, na kulipokucha nikafunga megafoni kwenye baiskeli.

Njiani nilikaa siku mbili. Lusangi nililala kwa mtu niliyewahi kumpikia, na sikumwambia chochote kuhusu ajansi. Siku ya tatu, alasiri, nilifika Kabambare, tairi la nyuma limelegea na shati limeganda vumbi. Nilielekezwa kwa mama mmoja anayepangisha vyumba nyuma ya nyumba yake. Alikuwa anapepeta mchele uani.

"Hodi, mama. Ninatafuta pa kulala."

Ungo ulisimama hewani. "Nani amekufa?" aliuliza.

"Hakuna mtu, mama. Ninatafuta chumba."

"Hiyo sauti ninaijua. Ilipita hapa na pikipiki. Mutoto wangu mwanamke iko Kasongo, ameolewa kule. Niliposikia 'simameni' nilianguka hapa, hapa unapoona. Na kumbe sabuni!"

Pikipiki ile ilikuwa imenitangulia. Nilisema kwa sauti niliyo nayo, sina nyingine: kwamba maneno ni yangu, kwamba sabuni si yangu, kwamba nimeibiwa. Nilisema mengi na kwa hasira. Alinisikiliza akiokota mawe katika mchele.

"Wamekuibia, sawa," alisema nilipomaliza. "Sasa mimi nikifa kesho, nani atakuja? Watu wa njia hii hawasimami tena."



"Chumba kiko," aliendelea. "Kitanda kiko. Lakini mbele ya kulala, utapita mlango kwa mlango, bila hiyo mashine, waone uso wako. Utawaambia siku ile hakukufa mutu, ilikuwa sabuni. Na siku utakuja kusema mutu amekufa, watajua ni wewe."

"Kwa nini mimi, mama? Mwenye sabuni je?"

"Mwenye sabuni hakuomba kulala kwangu."

Nikauliza milango ya njia ile ni mingapi.

"Utaihesabu mwenyewe," alisema, akanionyesha pa kuegemeza baiskeli.